Mizunguko ya maabara kwa wanafunzi wa mikrobiolojia na imunolojia: kupanga, kufanya kazi na kuchagua msimamizi

Programu nyingi za uzamivu katika mikrobiolojia na imunolojia, hasa zile zinazofuata mfumo wa Marekani, humtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apite katika maabara mbili hadi nne kabla ya kuchagua atakakofanyia utafiti wake. Mzunguko mmoja huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kulingana na kalenda ya chuo, na masomo ya darasani huendelea sambamba. Ndiyo maana muda wa kukaa kwenye meza ya maabara huwa mfupi kuliko unavyoonekana kwenye ratiba. Mzunguko wa wiki nane, ukitoa mafunzo ya usalama, mitihani na siku za kuandaa wasilisho, hubaki na kama wiki tano za kazi. Panga kwa hizo tano.

Wiki tano hazitoshi kutoa makala, na msimamizi mwenye uzoefu halitarajii hilo. Zinatosha kujibu maswali mawili: mtu huyu ataweza kunilea kitaaluma kwa miaka minne au mitano ijayo? Na kazi ya kila siku ya maabara hii naiweza, tena naipenda? Mwanafunzi anayemaliza mzunguko akiwa na grafu nzuri lakini hana majibu ya maswali hayo amepoteza nafasi yake.

Kabla ya kuandika barua pepe

Anza na orodha ya maabara sita hadi nane. Kwa kila moja, soma makala tatu za karibuni, na usiishie kwenye matokeo. Tazama mwandishi wa kwanza ni nani. Ikiwa waandishi wa kwanza wote ni watafiti waliokwisha kumaliza uzamivu na hakuna mwanafunzi hata mmoja, ulizia sababu. Tazama pia wanafunzi waliohitimu hapo walichukua muda gani na sasa wako wapi. Mara nyingi ukurasa wa maabara huwataja.

Andika miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe ya kuanza, maana nafasi hujaa mapema. Barua iwe fupi, kama hii ya kuhusu makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), mutanti (bakteria aliyebadilika jeni) na midia (chakula cha kuoteshea bakteria au seli):

"Profesa, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamivu katika imunolojia na natafuta nafasi ya mzunguko wa pili, unaoanza Januari. Nimesoma makala yenu kuhusu makrofaji na *Salmonella*, na ningependa kujua kwa nini mutanti yule alishindwa ndani ya seli ilhali kwenye midia alikua vizuri. Je, mwaka huu mna nafasi na fedha za kumpokea mwanafunzi wa kudumu? Naomba dakika 20 za kuonana nawe wiki ijayo."

Swali la fedha si la utovu wa adabu. Liulize mapema na ulisikilize jibu kwa makini. "Nafasi ipo, fedha tutaona" maana yake fedha hazipo. Unaweza kufanya mzunguko hapo ili ujifunze mbinu, lakini usiutegemee kama mahali pa kukaa.

Kuhusu mpangilio: maabara unayoitamani kuliko zote usiiweke ya kwanza, kwa sababu utakuwa bado unajifunza hata vifaa vinahifadhiwa wapi, na usiiweke ya mwisho, kwa sababu wenzako watakuwa wameshaomba nafasi. Mzunguko wa pili ndio unaofaa. Na mzunguko mmoja ufanye mahali penye mbinu usiyoijua kabisa, kwa mfano uchambuzi wa data za mfuatano wa jeni ikiwa umezoea kuotesha bakteria.

Vibali na chanjo vianze mapema

Jambo linalowakwamisha wengi ni karatasi. Kazi nyingi za fani hii hufanyika katika ngazi ya 2 ya usalama wa kibiolojia: *Staphylococcus aureus*, *Salmonella*, sampuli za damu ya binadamu. Kifua kikuu, yaani *Mycobacterium tuberculosis* hai, hufanyiwa kazi katika ngazi ya 3. Mafunzo ya ngazi hiyo, pamoja na kuingia chini ya uangalizi mara kadhaa kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi peke yako, huweza kumaliza mzunguko mzima. Ukienda maabara ya kifua kikuu, omba mradi wa *Mycobacterium smegmatis*, anayegawanyika kila baada ya kama saa 3, au wa bakteria wa chanjo ya BCG ikiwa una muda mrefu zaidi. *M. tuberculosis* mwenyewe huchukua takriban saa 20 kugawanyika mara moja, na makoloni yake huonekana baada ya wiki tatu au nne. Kosa moja la kuzimua sampuli utaligundua wakati mzunguko umeshakwisha.

Kwa kazi ya panya wa maabara, jina lako lazima liingizwe kwenye kibali cha maadili cha mradi huo, na hilo huchukua wiki kadhaa. Omba liingizwe mara tu unapokubaliwa, si siku ya kuripoti. Kwa kazi ya damu ya binadamu, chanjo ya homa ya ini aina B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ianze kabla hujajua utakwenda wapi.

Swali lazima liishe kabla ya muda wako

Miradi ya mizunguko hukwama hasa kwa sababu muda wa viumbe wenyewe haukuhesabiwa. Chukua panya. Ujauzito ni siku 19 hadi 21, kuachishwa ziwa ni siku ya 21 hivi, na majaribio mengi hutaka panya wa wiki 6 hadi 8. Kuanzia siku ya kupandisha hadi siku ya jaribio ni wiki 9 hadi 11, hata kama kila jike alishika mimba mara ya kwanza. Kwa hiyo mradi unaoanza na maneno "tutachanganya kwanza mistari hii miwili ya panya" si mradi wa mzunguko. Uliza ni panya gani wapo tayari leo.

Makrofaji wanaooteshwa kutoka kwenye uboho wa panya hukomaa kwa siku 7. Seli T zilizoamshwa huhitaji siku 3 hivi kabla hujaweza kupima zilivyogawanyika. Kutengeneza plazmidi mpya (duara dogo la DNA la kubebea jeni), kuanzia kuagiza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili jeni) hadi kupata mfuatano uliothibitishwa, ni wiki moja na nusu hadi mbili ikiwa hakuna kilichoharibika, na mara nyingi kipo. Omba plazmidi iliyokwisha kutengenezwa.

Mradi mzuri una sehemu mbili: moja ambayo itatoa jibu vyovyote iwavyo, na nyingine inayoweza kushindwa. Ya kwanza inaweza kuwa kupima ukuaji wa mutanti watano kwenye midia tatu. Ya pili ni kuona mutanti mmoja kati yao anaishi vipi ndani ya makrofaji. Jaribio hili la pili linastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu linakutana na wanafunzi wa pande zote mbili za fani na lina mitego mingi.

Mfano: bakteria ndani ya makrofaji

Kanuni yake ni nyepesi. Unawapa makrofaji *Salmonella*, unawaacha wawameze, kisha unaweka gentamisini, dawa isiyopenya kirahisi ndani ya seli za mamalia. Bakteria walio nje hufa, walio ndani hubaki. Unapasua seli na kuhesabu waliosalia.

Siku moja kabla, hamishia makrofaji kwenye midia isiyo na dawa yoyote. Hapa ndipo wengi huanguka: midia ya kawaida ya seli huwa na penisilini na streptomisini, na ukiisahau humo utawaua bakteria wako kabla hawajaingia, kisha utaandika kwamba mutanti "hawezi kuvamia". Panda seli laki mbili hivi kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 24. Otesha bakteria usiku kucha, waoshe kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli), kisha weka bakteria 10 kwa kila seli moja. Zungusha sahani kwenye sentrifuji kwa upole dakika 5 ili wote washuke kwa wakati mmoja. Acha dakika 30 kwenye nyuzi joto 37 na hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Osha, weka gentamisini mikrogramu 100 kwa mililita kwa saa moja, kisha ishushe hadi mikrogramu 10 hadi 20 kwa muda wote uliobaki. Pasua seli kwa sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.1, mara moja saa 2 baada ya kuambukiza na mara ya pili saa 18 hadi 24.

Namba ya saa 2 ndiyo inayoeleza wangapi waliingia. Bila hiyo, namba ya saa 18 haisemi lolote, maana mutanti aliyeingia kidogo atafanana na mutanti aliyeuawa ndani. Daima ripoti uwiano wa hizo mbili. Na ukiongeza bakteria hadi 50 au 100 kwa kila seli ili "uone vizuri", makrofaji watakufa kwa wingi, gentamisini itapenya kwenye seli zilizopasuka, na bakteria wataonekana wamepungua kana kwamba kinga imefanya kazi. Tazama sahani kwa hadubini kabla ya kupasua. Ikiwa seli nyingi zimeng'oka na kuelea, tupa matokeo ya siku hiyo.

Weka bakteria wa aina ya asili (asiyebadilika jeni), mutanti, na mutanti aliyerudishiwa jeni lake. Huyu wa tatu ndiye anayeonyesha kwamba tofauti imetokana na jeni hilo na si na badiliko jingine lililojitokeza pembeni.

Kuhesabu nako kuna utaratibu wake. Weka mikrolita 900 za PBS kwenye tyubu tano. Chukua mikrolita 100 za sampuli, tia kwenye tyubu ya kwanza, tikisa kwa mashine, badilisha ncha ya pipeti, halafu endelea hadi ya tano. Ncha moja ikitumika kwa tyubu zote hubeba bakteria kutoka nyuma, na tyubu za mwisho zitaonekana na wengi kuliko ukweli. Mwaga mikrolita 100 kwenye sahani ya agari, sambaza, acha ikauke. Otesha saa 16 hadi 18. Hesabu sahani zenye makoloni kati ya 30 na 300 tu. Ukipata makoloni 64 kwenye sahani ya tyubu ya tano, iliyozimuliwa mara 100,000, hesabu ni 64 × 10 × 100,000, yaani milioni 64 kwa mililita. Ile 10 ni kwa sababu ulimwaga sehemu ya kumi ya mililita. Sahani ya tyubu ya nne inapaswa kuwa na mara kumi hivi, kama 640. Ukikuta 250, tatizo liko kwenye pipeti au kwenye mkono wako, na litafute kabla ya kurudia jaribio lote.

Ukijumlisha siku 7 za makrofaji, siku ya kuambukiza na siku ya kuhesabu, jaribio moja ni siku 9 hivi. Ukianza kundi jipya la makrofaji kila wiki bila kusubiri la kwanza liishe, wiki tano zinatosha kwa marudio matatu na moja la akiba.

Ukiwa upande wa seli za kinga

Mashine ya saitometri ya mtiririko, inayopima seli moja moja zilizoshikwa na kingamwili zenye rangi zinazong'aa, ndiyo utakayoigombea na watu wengi, kwa hiyo iwekee nafasi wiki moja kabla. Usibuni mwenyewe mpangilio wa rangi 12 ndani ya mzunguko. Tumia uliokwisha kujaribiwa na maabara, kisha jifunze kila kontroli ipo kwa ajili gani. Sampuli isiyo na rangi huonyesha mng'ao wa seli zenyewe. Sampuli ya rangi moja moja huiwezesha mashine kutenganisha rangi zinazoingiliana, na ni lazima ing'ae angalau sawa na sampuli zako, tena kwa rangi ileile hasa. "Inayofanana nayo" haikubaliki. Kontroli ya FMO, yaani rangi zote isipokuwa moja, hukuonyesha mpaka wa kusema seli hii inayo alama au haina. Rangi ya kutambua seli zilizokufa usiiache kamwe, kwa sababu seli zilizokufa hunasa kingamwili ovyo na kuzaa kundi la kuvutia ambalo halipo. Na kwa kuwa makrofaji na seli B zina vipokezi vinavyoshika mkia wa kingamwili yoyote, vizibe kwanza kwa kingamwili dhidi ya CD16 na CD32 za panya (ndiyo majina ya vipokezi hivyo), dakika 10 kwenye barafu.

Hifadhi faili ghafi za mashine. Picha zilizokwisha kuchorewa mipaka haziwezi kuchambuliwa upya.

Daftari na adabu za mezani

Mbinu mpya ijifunze kwa awamu tatu: itazame, ifanye pamoja na mwenyeji, kisha ifanye mwenyewe huku akikutazama. Ukiruka awamu ya tatu makosa yako yatakuwa mazoea. Andika daftari siku ileile: lengo, namba ya aina ya bakteria kwenye orodha ya maabara, namba ya toleo la kingamwili, ulichobadilisha kwenye utaratibu, na jina la faili ya data. Kwenye kila tyubu andika herufi za jina lako, tarehe na kilichomo; "sampuli 3" haina maana kwa yeyote baada ya wiki mbili.

Mambo machache yanayoharibu uhusiano haraka: kutumia kingamwili ya mwenzako bila kuomba, kuweka ampisilini kwenye agari ya moto badala ya kusubiri ishuke hadi nyuzi joto 50 hivi, ukaharibu sahani za wiki nzima za watu wote, kuziba kwa karatasi matundu ya mbele ya kabati la usalama wa kibiolojia, hewa ikashindwa kumlinda aliyekaa hapo. Na taka zenye dawa ya klorini haziingii kwenye autoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) hata siku moja, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu.

Kuichunguza maabara yenyewe

Hudhuria kila mkutano wa maabara na usikilize nani anaongea. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kumpinga mkubwa wake bila hofu? Matokeo yanayokwenda kinyume na wazo la profesa hupokewaje: kwa maswali, au kwa amri ya kurudia mpaka yageuke? Hilo la pili ni onyo zito kuliko yote tunayoyajua.

Zungumza na wanafunzi nje ya maabara, mmoja mmoja. Swali la "unafurahia hapa?" hujibiwa kwa heshima tu. Uliza mambo mahususi. Mara ya mwisho jaribio lako lilipofeli, profesa alisema nini? Rasimu yako ya mwisho ilikaa kwake siku ngapi? Kuna watu wawili wanaoshughulikia swali moja? Ruzuku inaisha mwaka gani? Mtafute pia aliyeondoka bila kumaliza, ikiwa yupo, na umsikilize bila haraka ya kumhukumu yeyote.

Maabara changa yenye watu watatu hukupa muda mwingi wa msimamizi, ila naye anajenga jina na presha yake itakufikia. Maabara kubwa ina mbinu zote na watu wa kukufundisha, lakini profesa unaweza kumwona mara moja kwa mwezi. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Mwanafunzi anayehitaji kusukumwa kidogo ataumia kwenye ile kubwa, na anayependa kuachwa afikiri ataumia kwenye ile ndogo.

Katikati ya mzunguko, omba nusu saa na msimamizi na uulize: "Ungependa nibadilishe nini katika wiki zilizobaki?" Asiyepata nusu saa kwa mwanafunzi anayemtafuta sasa, hataipata pia mwaka wa tatu.

Wasilisho, makabidhiano na uamuzi

Wasilisho la mwisho huwa la dakika 15 hadi 20. Onyesha swali, kwa nini linahitaji jibu, ulichopima, na hatua inayofuata. Kuwa mwangalifu na idadi ya marudio: vishimo vitatu kutoka kwa panya mmoja ni panya mmoja, si watatu, na wasikilizaji wenye ujuzi watauliza hilo kabla ya jingine lolote. Jaribio lililofeli lionyeshe pamoja na sababu unayoidhania na namna ya kuipima.

Kabla ya kuondoka, hifadhi kila aina mpya ya bakteria: otesha kutoka koloni moja, changanya mikrolita 500 za bakteria na mikrolita 500 za gliseroli ya asilimia 50, weka kwenye friza ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri, na uandike kisanduku na safu kwenye orodha ya maabara. Acha ukurasa mmoja unaoeleza sampuli ziko wapi, faili ziko wapi, na kipi kisiaminiwe.

Ukishaamua, zungumza kwanza na msimamizi unayemtaka na upate kauli ya maandishi kupitia mratibu wa programu. Kisha waarifu wengine wiki hiyohiyo, kabla hawajasikia kwa watu: "Profesa, nashukuru sana kwa nafasi na kwa yote niliyojifunza kwenu. Nimeamua kujiunga na maabara nyingine kwa ajili ya utafiti wangu. Sampuli na data zote nimezikabidhi, na niko tayari kujibu maswali yoyote kuzihusu." Usieleze kasoro zao, huenda mmoja wao akakaa kwenye kamati yako. Ikiwa hakuna maabara iliyokufaa, mwambie mratibu mapema na uombe mzunguko wa ziada badala ya kuchagua kwa hofu. Na kuhusu data ulizoacha, ulizeni na mkubaliane sasa hivi, kwa maandishi, jina lako litawekwaje zikitumika kwenye makala, kwa sababu makala hiyo inaweza kutoka miaka mitatu baadaye wakati aliyekufundisha ameshahama.